Ndege ya Unguja na Kungumanga ya Somo

Jamani, msinicheke kabla sijamaliza. Mkishanisikia mtaamua wenyewe kama hili ni la kuchekwa au la kulia, maana mie mpaka leo, na wajukuu hawa mnaowaona, sijaamua. Aibu niliyoipata simwombei hata adui yangu. Niliangua kicheko, tena kile cha kujishika mbavu, kando ya kitanda cha mama yangu mzazi aliyekuwa anakata roho, wanawake wa mtaa mzima wananitazama na msahafu umefunguliwa mbele yangu. Haya, nimeshasema. Ngojeni sasa niwaeleze ilivyokuwa, msije mkanihukumu bure (wapo walionihukumu, na wengine wamekwenda zao kaburini bila kunisamehe).

Mama yangu, mzaliwa wa Mwera kule Pangani, alikuwa mwalimu wa chuo, si wa skuli, wa chuo cha Kurani, na nusu ya watoto wa mtaa wetu wa Ngamiani, Tanga, walipita kwenye bakora yake. Mabinti zake tulikuwa wawili, dada yangu Rehema na mie Hamisa. Rehema alikuwa hodari wa kila kitu, kupika, kushona, kusema na watu, kasoro kusoma. Alikomea juzuu ya Amma, akaolewa Unguja, na mama akanyoosha mikono. Mie ndiye niliyehitimu. Mama alipoishiwa nguvu akaenda kukaa kwa Rehema, Ng'ambo ya Unguja, nyumba kubwa na mkwe mwenye uwezo, lakini kila anayetoka huko alituletea salamu ileile: "Siku yangu ikifika, Yasini anisomee Hamisa. Msiniletee mwalimu wa kukodi. Nataka kuisikia sauti niliyoifundisha mwenyewe." Alilisema mpaka likawa utani wa nyumbani, mtu akipiga chafya tu tunasema haya, Hamisa kaulete msahafu.

Basi, ni miaka ile ya hamsini, Mwingereza bado yupo, mwaka gani msiniulize, ikaja simu ya posta kutoka kwa shemeji yangu Salim, mume wa Rehema: mama yu taabani, njoo upesi. Mume wangu Omari, kazi yake bandarini, akanipa na habari ya pili hapohapo, kwamba meli ya Unguja imeondoka jana na nyingine mpaka wiki ijayo. Nikapiga yowe. Omari akangoja nishushe pumzi, akasema, "Kuna ndege." Nikanyamaza ghafla, maana kumlilia mama ni jambo moja na kupanda ndege ni jambo jingine.

Lakini mama ni mama. Omari akaenda kwenye ofisi ya ndege, akarudi na tikiti, akasema karani kamwambia hiyo safari hata saa nzima haitimii, unapanda, unatazama dirishani, umefika. Pale ukumbini alikuwapo Mjomba Mbwana, kaka yake mama, alikuja kutoka kwake mtaani Usagara mara tu aliposikia habari ya dada yake. Mjomba akacheka kwa pua. Huyu alikuwa askari wa keya, jeshi la Mwingereza, alipigana vita vya Bama huko mashariki ya mbali, akajeruhiwa mguu, wakampakia kwenye ndege kumpeleka hospitali, na katika ukoo wetu wote, na mtaa wetu wote, ndiye mtu pekee aliyewahi kukalia kiti cha ndege (ingawa mwenyewe alilazwa kwenye machela, sasa hicho kiti alikikalia saa ngapi hatukumwuliza).

"Saa haitimii!" akasema. "Mie nilipandishwa alfajiri, nikashushwa magharibi. Baridi inakuingia kwenye mifupa. Masikio yanaziba. Na choo hakuna."

"Lakini Mjomba," Omari akasema, "karani wa ndege ndiye aliyesema."

"Karani kaipanda? Karani anauza tikiti. Umeona wapi muuza samaki akakwambia samaki wangu kaoza?"

Hapo tukanyamaza wote, maana kweli, tuliona wapi. Na akili zetu zilikubali upesi kwa sababu sisi tulichokijua ni meli, na meli ya Unguja ukiipanda Tanga utalala baharini, utatapika, utaamka, bado uko baharini. Hakuna hata mmoja aliyejiuliza kwamba Bama ni Bama na Unguja ni Unguja, kwamba Mjomba alivushwa nchi ya watu na mie navuka maji haya haya tunayooga. Tulidhani ndege ni ndege, ukishapaa umepaa, kushuka ni jioni. Wahenga wanasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mie la mkuu nililisikia, na guu likavunjika vilevile.

Siku nzima ikawa ya kujiandaa. Nilipita nyumba kwa nyumba kuomba radhi kama mtu anayekwenda kuhiji, watu wakanilia, na mie nikajililia. Mjomba akaniletea blanketi na sweta lake la jeshi, la sufu, zito, linanuka dawa ya nondo. Nikaacha kunywa maji tangu mchana ule kwa sababu ya lile neno lake la choo. Nikapika mikate ya kumimina, na alfajiri ya safari nikakaanga samaki, nikajaza kapu la kunitosha kutwa. Yote hayo si kitu. Kilichonishinda ni hofu. Nilikuwa nikifumba macho najiona niko juu, chini maji, juu mbingu, asubuhi mpaka magharibi, na sina pa kushika. Tangu jioni ile nilishamwambia somo yangu, Bi Tatu, yule aliyenifunda nilipoolewa, kwamba mie nitakufa kwa hofu kabla mama hajafa kwa maradhi.

Bi Tatu alikuwa na dawa ya kila kitu. Akanitazama, akasema, "Wewe unataka kulala tu, mwanangu. Ulale, uamke Unguja."

"Nitalalaje, somo, ndani ya lidude lile?"

"Kungumanga."

Nanyi mnaijua kungumanga. Ukitia kidogo kwenye uji au kwenye chai, inanukia, basi. Ukizidisha ndipo utaijua ni nini, na wanawake wa kwetu wa zamani waliijua sana, wakiila kwenye ngoma zao wakalegea, wakacheka ovyo, kisha wakaanguka usingizi ambao hata ngoma yenyewe haiuamshi. Somo alinitwangia akachanganya na asali, akaifunga kwenye jani, akaniambia nisiile nyumbani, niile nikikaribia kupanda, ili inishike nikiwa huko juu. Alikuwa amepiga hesabu yake kwa safari ya Mjomba. Angepiga kwa safari ya karani, leo nisingekuwa na hadithi.

Asubuhi tukapita Nguvumali kwenda uwanja wa ndege, mie ndani ya gari la kukodi, na nyuma baiskeli, na nyuma ya baiskeli wanaokuja kwa miguu. Jua la kaskazi linachoma, na mie ndani ya buibui nimevaa sweta la vita, jasho linanichirizika mpaka kwenye visigino. Uwanjani wakatupima uzito, abiria na mizigo yao, kama magunia ya mkonge, na Mjomba akawa anawaeleza watu kwa sauti kila linalofanyika na kwa nini. Yule kijana wa mizani akalitazama kapu langu, akatazama blanketi, akauliza kwa adabu kabisa, "Mama, chakula chote hiki cha nini? Hutapata hata nafasi ya kukifungua."

Nikamjibu, tena nimembenulia mdomo, "Mwanangu, wewe kaa na mizani yako."

Watu wangu wakacheka, nikafurahi. Kisha nikajitenga kidogo, nikalifungua lile jani, nikaimeza kungumanga yote kwenye tumbo tupu, mkavu wa maji tangu jana, nikalamba na asali iliyobaki. Hapo ndipo nilipojimaliza, na wala hakuna aliyenishikia mkono.

Ndege ikapaa. Nilifumba macho nikaanza kusoma kila sura ninayoijua, na nilizijua zote, kwa hiyo nilikuwa na kazi. Nangoja usingizi, hauji. Nangoja baridi, haiji, sweta linanipika tu. Nikafumbua jicho moja, nikaona maji ya kijani na mchanga mweupe chini, kuzuri, wallahi, nikasahau kuogopa kwa kitambo. Mara masikio yakaziba, pua ya ndege ikainama, nikajua ndiyo tunaanguka, nikaitoa shahada kwa sauti ya mnadi mpaka Mzungu aliyekuwa mbele yangu akaangusha gazeti. Tukagusa ardhi, tukaserereka, tukasimama. Abiria wakaanza kushuka. Mie nimekaa.

Rubani akaja, akasema kwa Kiswahili chake kile cha vipande, "Mama, Unguja."

"Hapa Pemba," nikamwambia. "Nyie endeleeni na shughuli zenu, mie nakwenda Unguja, nitashuka jioni."

Akaniambia tena, nikakataa tena, nikakumbatia kapu langu. Mpaka akaitwa shemeji Salim, aliyekuja kunipokea, akapanda ngazi, akachungulia. "Shemeji, shuka. Tumefika, mama anakungoja." Nikamtazama uso. Nikatazama kapu. Samaki hawajapoa! Nikashuka watu wananiangalia, na wabeba mizigo wamejiziba midomo kwa mikono, na mie nikadhani hiyo ndiyo aibu ya siku, imepita, alhamdulillahi. Ndani ya gari nikamcheka Bi Tatu moyoni. Kungumanga yake bure, haikunifanya lolote, niko mzima na akili zangu zote.

Nilimkuta mama yu hai. Hilo nalishukuru. Alikuwa mdogo pale kitandani, amekwisha, lakini macho ni yaleyale ya mwalimu. Chumba kimejaa wanawake, majirani, na mabinti wa Unguja aliowafundisha uzeeni, wamekaa mkekani kimya. Rehema alikuwa kichwani pake na bakuli la maji na pamba ya kumlowanisha midomo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Hamisa?"

"Abee, mama."

"Umekujaje? Meli si imekwenda?"

"Nimekuja kwa ndege, mama."

Mama hakuwahi kuiona ndege isipokuwa ikipita juu ya paa. "Masikini mwanangu," akasema. "Juu huko peke yako. Mbali, eti?"

Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo panaponiuma. Ningeweza kusema hapana mama, si mbali, nimefika samaki bado moto. Lakini wanawake wote wale wananitazama, na mie ndiye mtu aliyekuja kwa ndege, na nilikuwa nimeteseka kwelikweli kwa hofu na sweta la Mjomba, nikataka mama anionee huruma kidogo. Nikasema, "Mbali, mama. Mbali sana."

Akanipapasa mkono. "Pumzika kidogo, unywe maji, kisha unisomee. Usiruke irabu."

Nikanywa maji, nikatawadha, nikasali adhuhuri na wenzangu. Nikaletewa msahafu wa mama mwenyewe, ule aliotufundishia, nikakaa miguuni pake, nikaanza Yasini. Mwanzo nilisoma vizuri. Nawaapia, nilisoma vizuri, na nilimwona mama amefumba macho, midomo yake inafuata, na kidole chake kinapiga shuka taratibu kama alivyokuwa akipiga meza tulipokuwa watoto. Nikajisemea moyoni, yaa Rabbi, nimewahi.

Kisha mdomo ukakauka. Nikameza mate, hakuna mate. Nikadhani ni ile kiu ya tangu jana. Herufi zikaanza kusogea, moja inampisha mwenzake, nikazifuata kwa kidole, nikarudia aya niliyokwisha kuisoma, mama akakunja uso. Nikainua macho nitulie. Mbele yangu alikaa bibi mmoja mnene anampepea mama kwa kipepeo cha ukili, kipepeo kinakwenda huku na kichwa chake kinakwenda kule, huku, kule. Basi. Hicho tu. Nikahisi kitu kinapanda kutoka tumboni, nikabana meno, nikafunika mdomo kwa ukaya wa kanga, nikajiambia Hamisa, mama yako anakufa, Hamisa, mama yako anakufa, na kila nikijiambia kinazidi kupanda, mpaka kikatoka.

Nilicheka, jamani. Nilicheka mpaka nikainamia mkeka.

"Astaghfirullah!" mmoja akasema. Mwingine akasema, "Kapandwa. Pepo wa angani huyo, kaja naye kwenye ndege." Rehema akaniita kwa jina, kisha akanizaba kibao, na kile kibao nacho, Mungu anisamehe, kilinichekesha. Nilitaka kuwaambia kungumanga. Neno nilikuwa nalo, nalijua, ila nilipofika "kungu" nikakatika tena kwa kicheko, na machozi yananitoka, na ndani yangu mle, nyuma ya kicheko, nilikuwa nalia kwa sauti na hakuna anayenisikia. Wakauondoa msahafu mbele yangu. Wakanishika kwapa, wakaniburura mpaka chumba cha pili, wakanilaza. Kitu cha mwisho ninachokikumbuka ni kipepeo.

Nilipoamka, kulikuwa kweupe. Kichwa kizito, ulimi umegandamana na kaakaa. Nikasikia harufu ya udi. Nikasikia na ya kafuri, na mtu yeyote akiamka akasikia kafuri hahitaji kuambiwa. Nikajikokota mpaka mlangoni. Kitanda cha mama kimeondolewa godoro, kimesimamishwa ukutani. Wanawake wamejaa ukumbini.

Nilikuwa nimelala mchana ule, na usiku, na asubuhi iliyofuata, mpaka alasiri. Mama alikata roho alfajiri. Wamemwosha, na mie bintiye nimelala chumba cha pili, wamenitikisa, wamenimwagia maji, sikuamka. Wamemvisha sanda. Wanaume wamemchukua baada ya adhuhuri, wamezika, wamerudi, wamekula. Nikauliza nimwone. Rehema akasema, "Umwone wapi?"

Hakusema nami tena mpaka siku ya pili ya matanga, akanikuta uani nimekaa peke yangu, maana wale wanawake walikuwa wakiniachia nafasi kubwa mkekani. Nikamwambia yote, Mjomba, somo, kungumanga. Akanisikiliza. Nilitaka anitukane, hakunitukana. Nikamwuliza, "Nani alimsomea?"

"Mie," akasema.

"Wewe?"

"Nani mwingine? Nilitaka kumwita mwalimu wa msikitini, akakataa kwa kichwa. Nikaisoma Yasini kwa kukokota herufi, kama mtoto wa chuo. Nikikosea ananisahihisha kwa midomo. Sauti hana tena, lakini naona midomo. Usiku kucha tulikuwa hivyo. Kisha nikakosea, nikamtazama, hakunisahihisha."

Nikakusanya moyo wangu, nikamwuliza lile nililokuwa naliogopa, kama mama alikisikia kicheko changu.

"Alikisikia. Watu walitaka upelekwe nyumba ya jirani, wanasema huwezi kulala nyumba moja na mgonjwa na hali hiyo. Mama akainua kidole. Akasema, 'Mwacheni mwanangu alale. Katoka mbali.'"

Rehema akainuka, akaenda kutazama chungu. Mie nilibaki pale, na sikuweza hata kulia.

Shemeji alikuwa tayari kunikatia tikiti ya ndege ya kurudi, nikamwambia hapana. Nikakaa matanga mpaka yakaanuliwa, nikangoja meli. Tangu siku ile sijatia kungumanga kinywani, wala kwenye pilau ya harusi ya binti yangu haikutiwa, waulizeni waliokula. Na Mjomba Mbwana sikumlaumu, wala somo. Mjomba alisimulia safari yake, kosa langu ni kuipanda. Siku hizi mjukuu akiniambia anasafiri kwa ndege namwambia neno moja tu, mwulize karani ni mwendo wa muda gani, na akikwambia, mwamini.

Ile meli ilikwenda polepole, na bahari ilichafuka, na watu walijilaza ovyo sakafuni wanatapika. Mie nilikaa kitako, msahafu wa mama mapajani, Rehema alinipa, sijui kwa nini alinipa. Nikaisoma Yasini mwanzo mpaka mwisho, nikarudia, nikarudia tena. Sikuruka irabu. Nikifika pale nilipochekea nilisimama kidogo, nikangoja, na hapakuwa na mtu wa kunisahihisha, nikaendelea. Njia nzima mpaka Tanga sikufumba jicho.